Kizingiti cha Mbao katika Mlango wa Ndani: Somo kwa Mwenye Nyumba ya Matofali

Utangulizi

Katika lugha yetu neno kizingiti lina maana mbili. Ya kwanza ni ubao au jiwe linalolala chini ya mlango, baina ya mwimo mmoja na mwingine. Ya pili ni kikwazo cha namna yoyote kinachomzuia mtu kufika aendako. Ni dhahiri kwamba maana ya pili imezaliwa na ya kwanza, kwa kuwa avukaye mlango bila kutazama chini hujikwaa. Somo hili linahusu kizingiti kwa maana ya kwanza, na lengo lake ni kumsaidia mlaji asijenge nyumbani mwake kile cha maana ya pili.

Tumeichukua Lizaboni, katika Manispaa ya Songea, kuwa mfano wetu. Mji wa Songea uko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na una msimu mmoja mrefu wa mvua unaofuatwa na miezi mingi ya ukavu. Nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma, na hujengwa kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana. Leo inamalizika sakafu ya sebule, mwakani ya chumba, na baada ya miaka miwili mwenye nyumba anaweka vigae sebuleni huku chumba kikibaki na saruji. Matokeo yake ni kwamba pale mlangoni, chini ya ubao wa mlango, hubaki ukanda wa matofali ya msingi uliofunikwa na chokaa au saruji dhaifu. Upande huu sakafu iko juu, upande ule iko chini, na katikati pana mfereji unaokusanya vumbi, maji ya kudekia na mende.

Kizingiti cha mbao huwekwa ili kufunika ukanda huo, kulinda ncha za vigae zisivunjike, na kuziba nafasi iliyo chini ya mlango. Kazi yenyewe ni ndogo, na fundi mwenye zana huweza kuifanya kwa saa chache. Lakini kazi ndogo ndiyo ambayo mlaji huilipia bila kuuliza, bila kupima na bila kuandikiana. Kasoro yake hudhihirika baada ya miezi, fundi akiwa amekwisha kuhamia mtaa mwingine.

Tuchukulie mfano wa kufikirika. Bibi mmoja anaishi na wajukuu wake katika nyumba ya vyumba vitatu. Mwezi wa pili, mvua zikiwa nyingi, anawekewa vizingiti vya paini vilivyopigwa misumari juu ya matofali yenye unyevu. Mwezi wa saba mbao zimekauka, zimejikunja kingo kuelekea juu, na misumari imechomoza. Usiku, umeme ukiwa umekatika, bibi anaamka kwenda msalani na kidole cha mguu kinanasa kwenye ukingo ulioinuka. Fedha alizoziokoa kwa kutouliza maswali matano hazitatosha nauli ya kwenda hospitali. Hiyo ndiyo sababu ya kuliandika somo hili.

Je, unakihitaji kizingiti?

Swali la kwanza ambalo mlaji anapaswa kujiuliza ni kama kizingiti kinahitajika. Ikiwa sakafu za pande zote mbili zina usawa mmoja na zimetengenezwa kwa kitu kimoja, mara nyingi inatosha kuujaza ukanda wa mlangoni kwa saruji na kuusawazisha. Mlango usio na kizingiti ni salama zaidi kwa mtoto anayetambaa, kwa mzee, na kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu au fimbo.

Kizingiti cha mbao kina manufaa katika hali tatu: pale sakafu mbili zinapotofautiana kwa aina, kama vigae na saruji, pale zinapotofautiana kidogo kwa urefu, na pale mwenye nyumba anapotaka kupunguza nafasi kubwa iliyo chini ya mlango. Hakifai katika mlango wa bafu au wa jiko linalomwagiwa maji kila siku. Huko ni heri kutumia saruji, jiwe au kigae.

Adui watatu wa kizingiti

Adui wa kwanza ni unyevu unaopanda. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo visivyohesabika, nalo hunyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Ikiwa msingi wa nyumba haukuwekewa tabaka la kuzuia unyevu, ambalo mafundi huliita DPC, maji ya ardhini hupanda taratibu hadi mlangoni. Dalili zake ni lipu inayobanduka sehemu za chini za kuta, unga mweupe wa chumvi juu ya matofali, na harufu ya ukungu. Ubao uliolazwa moja kwa moja juu ya tofali la namna hiyo huloa upande wa chini huku upande wa juu ukiwa mkavu. Upande wa chini hutanuka, wa juu hubaki vilevile, na ubao hupinda.

Adui wa pili ni mchwa. Mchwa hutoka ardhini kupitia nyufa za saruji na viungo vya matofali, wakijenga njia nyembamba za udongo ili wasiguswe na hewa kavu wala mwanga. Kizingiti kilicho juu ya matofali ni daraja lao la kuingia kwenye miimo na hatimaye kwenye mlango wenyewe. Karatasi ya nailoni huzuia unyevu, lakini isihesabiwe kuwa ngome dhidi ya mchwa, kwani wanaweza kuitoboa.

Adui wa tatu ni ubao mbichi. Mti uliokatwa karibuni una maji mengi ndani yake. Ukikauka, hupungua upana na unene, ingawa urefu wake haubadiliki sana. Ubao mbichi wa paini wenye upana wa milimita 145 unaweza kupungua kwa milimita kadhaa, na huo ni mwanya wa kutosha kuingiza ukucha na uchafu. Katika mji kama Songea hatari huongezeka kwa mbao zinazonunuliwa wakati wa masika, kwa sababu ukavu wa Juni hadi Oktoba hauzihurumii.

Kuchagua ubao

Mkoa wa Ruvuma una misitu ya miombo inayotoa mbao ngumu, na pia una mashamba ya miti ya kupandwa, likiwamo shamba la Wino katika Halmashauri ya Madaba. Mlaji hukutana zaidi na aina hizi.

Mninga. Huu ni mti unaosifika kwa kutojipinda, kwa sababu hupungua kidogo sana unapokauka. Kiini chake cha rangi ya kahawia hustahimili mchwa kuliko miti mingi. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina sifa hiyo, kwa hiyo ubao wenye ukanda mweupe usinunuliwe kwa bei ya ubao wa kiini. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua, hivyo anayeupiga msasa afunike pua na mdomo.

Mkongo. Ni mgumu, mzito na wa kudumu. Huhitaji zana kali, na matundu ya skrubu lazima yatobolewe kwanza.

Paini. Ni mwepesi, wa bei nafuu na rahisi kuchonga, lakini hauna ulinzi wake wenyewe dhidi ya mchwa na uozo. Hufaa ikiwa umetiwa dawa kiwandani na umekaushwa vizuri. Hata hivyo, kwa kuwa ni laini, huchakaa upesi mahali panapokanyagwa kila siku.

Mkaratusi. Una nguvu, lakini hupenda kupasuka na kujisokota. Hatuupendekezi kwa kizingiti, isipokuwa umekaushwa kwa muda mrefu na umebaki umenyooka.

Unapokuwa dukani au kwenye karakana, utazame ubao kwa jicho moja kutoka nchani kama mtu anayelenga shabaha. Ukiwa na mkunjo leo, hautanyooka kesho. Tazama pia nchani mistari ya umri wa mti: ubao ambao mistari yake imesimama wima hujikunja kidogo kuliko ule ambao mistari yake imelala. Epuka vifundo vikubwa, nyufa, na matundu yenye unga mpya wa wadudu.

Kujua kama ubao ni mkavu hakuhitaji mtambo. Omba kipande kidogo kilichokatwa katikati ya ubao, si nchani. Kipime kwenye mizani ya duka, andika uzito wake, kisha kiache ndani ya nyumba penye hewa kwa wiki moja na ukipime tena. Uzito ukiwa umeshuka waziwazi, ubao bado ni mbichi: uache ukauke ndani ya nyumba itakayoutumia, umewekwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote.

Tunawakumbusha wasomaji kwamba uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu husimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Muuzaji halali anaweza kukuonyesha nyaraka za mzigo wake na kukupa risiti. Anayeuza mninga usiku kwa nusu ya bei anakuuzia pia matatizo.

Kupima na kukokotoa

Zana za kupimia ni futikamba, pimamaji na guniya. Pima mambo manne, nawe uyaandike.

1. Nafasi baina ya miimo miwili, chini kabisa. Pima upande wa mbele na wa nyuma, kwani milango mingi haina mraba kamili.
2. Unene wa ukuta pamoja na lipu ya pande zote mbili.
3. Tofauti ya urefu baina ya sakafu mbili. Laza pimamaji juu ya sakafu iliyo juu, ivuke mlango, kisha pima nafasi iliyobaki hadi sakafu ya chini.
4. Nafasi iliyopo baina ya sakafu ya juu na ukingo wa chini wa mlango ukiwa umefungwa.

Sasa tukokotoe ununuzi. Tuseme nyumba ina milango minne ya ndani, kila mmoja una nafasi ya sentimita 82, na ukuta una unene wa sentimita 14.5. Kila kipande tukikate kwa sentimita 85 ili kubaki na akiba ya kurekebisha. Vipande vinne ni sentimita 340. Ubao wa futi 12 una takribani sentimita 365. Kwa hiyo ubao mmoja wa inchi 1 kwa inchi 6 unatosha milango yote minne, na kinabaki kipande cha takribani sentimita 25 cha kufanyia majaribio. Mlaji asiyefanya hesabu hii anaweza kuambiwa anunue mbao nne, naye akazinunua.

Kumbuka pia kwamba vipimo vya dukani ni vya ubao ambao haujapigwa randa. Ubao wa inchi 1 una milimita 25, lakini baada ya randa hubaki na milimita 20 hadi 22. Hilo si wizi, ila ni lazima liingie katika hesabu. Wizi ni ubao unaoitwa wa futi 12 wakati futikamba inasoma futi 11 na nusu.

Hesabu ya pili ni ya kina cha kitako, yaani mahali ubao utakapolala. Kizingiti kisiinuke sana. Nchini Marekani kanuni za mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu haziruhusu kizingiti kipya kuzidi takribani milimita 13, na hutaka kingo zake zichongwe mteremko. Sisi tunashauri milimita 10 au chini ya hapo juu ya sakafu iliyo juu. Ikiwa ubao una milimita 22, na nailoni pamoja na gundi zina milimita 3, jumla ni milimita 25. Tukitaka kiinuke milimita 10 tu, kitako lazima kiwe milimita 15 chini ya uso wa sakafu. Fundi asiyetaka kuchimba kitako atauweka ubao juu ya sakafu, nawe utabaki na kikwazo cha milimita 25 kwa maisha yote ya nyumba.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza: kuchunguza. Hakikisha hakuna bomba la maji wala la nyaya za umeme linalopita chini ya mlango huo. Katika nyumba ambazo nyaya zimepitishwa sakafuni, muulize fundi umeme aliyezipitisha kabla ya kugusa drili. Tafuta njia za udongo za mchwa. Zikiwapo, mchwa washughulikiwe kwanza. Tumia dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na ufuate maelezo ya lebo. Tabia ya kupaka oili chafu ya magari ndani ya nyumba hatuishauri: ina sumu, harufu yake haitoki, haipenyi ndani ya ubao, na vanishi haitashika juu yake.

Hatua ya pili: kupima unyevu wa matofali. Funika ukanda wa mlangoni kwa kipande cha nailoni kinachopitisha mwanga, ufunge kingo zake zote kwa utepe, kisha ukiache usiku kucha hadi kesho yake wakati kama huo. Ukikuta matone ya maji upande wa chini au tofali limekuwa jeusi, unyevu ni mwingi. Subiri kiangazi, au tafuta chanzo: pengine ni maji ya paa yanayotiririkia ukutani, au udongo wa nje uliorundikwa juu kuliko sakafu.

Hatua ya tatu: kuandaa kitako. Ondoa saruji dhaifu kwa tindo na nyundo, taratibu, bila kutikisa miimo. Tofali lililolegea litolewe na kujengwa upya. Fagia vumbi lote, lowesha matofali kidogo, kisha sawazisha kwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 4 za mchanga safi. Hakiki kwa pimamaji. Weka unyevu juu yake kwa siku 7 ili saruji ikomae, halafu uiache ikauke. Kwa kukadiria, tabaka jembamba la saruji hukauka milimita 1 kwa siku, kwa hiyo tabaka la milimita 15 linahitaji wiki mbili au zaidi baada ya kukomaa. Haraka katika hatua hii ndiyo chanzo cha kasoro nyingi tutakazozitaja.

Hatua ya nne: kukata ubao. Chonga kwanza kielelezo cha katoni kinachoingia sawasawa baina ya miimo, kisha hamishia umbo lake kwenye ubao. Ubao uwe mfupi kwa milimita 2 kila upande ili uwe na nafasi ya kupumua. Kingo mbili ndefu zichongwe mteremko kwa randa. Ikiwa upande mmoja una sakafu ya chini, mteremko wa upande huo uwe mrefu zaidi.

Hatua ya tano: kupaka. Piga msasa kuanzia mkwaruzo hadi laini, kisha paka vanishi au mafuta ya mbao pande zote sita, hasa upande wa chini na nchani mwa ubao. Upande wa chini hauonekani, na kwa sababu hiyo mafundi wengi huuacha. Lakini ndio unaokutana na unyevu. Ukitumia mafuta ya kitani, usirundike matambara yaliyolowa. Yanaweza kujiwasha yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Hatua ya sita: kuzuia unyevu. Tandaza kipande cha nailoni nzito ya ujenzi au karatasi ya lami juu ya kitako, na kingo zake zipande kidogo pembeni. Baada ya kazi, ziada hukatwa kwa kisu.

Hatua ya saba: kufunga. Usitumie misumari. Tofali la kuchoma hupasuka kwa msumari, na msumari hulegea ubao unapotanuka na kupungua. Tumia skrubu pamoja na kizibo cha plastiki ambacho mafundi hukiita fisha. Toboa ubao kwanza, kisha toboa tofali bila kutumia mpigo wa nyundo wa drili, kwani tofali letu ni laini na mpigo hulibomoa. Matundu yawe katikati ya tofali, si kwenye kiungo cha saruji. Fisha isukumwe hadi izame ndani ya tofali lenyewe, ipite tabaka la kusawazishia. Kwa ubao wa milimita 22 juu ya tabaka la milimita 15, skrubu za inchi 3 zinafaa. Pasipo tabaka hilo, inchi 2 na nusu zinatosha. Weka tone la silikoni katika kila tundu ili kuziba nailoni ilipotobolewa. Skrubu ziwe safu mbili: za upande mmoja zibane barabara, na za upande wa pili zipite katika matundu mapana kidogo kuliko skrubu, ili ubao upate nafasi ya kutanuka. Vichwa vizame chini ya uso wa ubao na vifunikwe kwa vizibo vya mti ule ule.

Hatua ya nane: kumalizia. Ziba mianya ya pembeni kwa silikoni, wala si kwa saruji, kwa sababu saruji hupasuka ubao unapojongea. Hakikisha mlango unapita juu ya kizingiti kwa nafasi ya milimita 3 hadi 5. Ukigusa, ushushwe na kupigwa randa chini, kisha ukingo uliochongwa upakwe vanishi.

Makubaliano na fundi

Mkataba wa mdomo unatambuliwa na Sheria ya Mikataba, lakini kinachotambulika si lazima kithibitike. Karatasi moja ya daftari inatosha. Iandikwe aina ya mbao, vipimo, nani ananunua vifaa, gharama ya ufundi, siku ya kuanza na kumaliza, na muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo. Tunashauri muda huo uvuke kiangazi kimoja. Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho itolewe baada ya ukaguzi.

Kuuliza si kumvunjia fundi heshima. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo fundi.”
“Marahaba, mama. Karibu.”
“Ahsante. Nimekuja kwa ajili ya ile milango minne. Kabla hujaanza, naomba unieleze: chini ya ubao utatandaza nini?”
“Mama, hapo tunaweka saruji tu, ubao unakaa juu.”
“Matofali yangu yana unyevu, fundi. Nataka nailoni itangulie, na ufunge kwa skrubu na fisha. Hiyo itaongeza kiasi gani?”
“Kama ni hivyo, tuhesabu skrubu na fisha. Si kazi kubwa.”
“Basi tuandike.”

Fundi mzuri hufurahia mteja anayejua anachotaka, kwa sababu kazi iliyoelezwa vizuri haina ugomvi mwishoni.

Kasoro na tiba zake

Ubao umepinda kingo kuelekea juu. Chanzo ni unyevu wa chini au ubao uliowekwa mbichi. Utolewe, ukaushwe, kitako kikaushwe, nailoni iwekwe, kisha urudishwe. Kuongeza misumari si tiba.

Ubao unalia ukikanyagwa. Kitako hakiko sawa. Utolewe na kitako kisawazishwe.

Skrubu inazunguka bila kubana. Fisha iko kwenye kiungo au tofali limebomoka. Toboa tundu jipya mahali pengine penye tofali zima.

Unga au njia za udongo pembeni. Toa ubao mara moja, uchunguze miimo, na ushughulikie mchwa kabla ya kurudisha chochote. Hapa wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Haki zako

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake: bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo mwambie muuzaji waziwazi, mbele ya shahidi au katika risiti, kwamba unataka ubao mkavu wa kizingiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au sifa za bidhaa. Kumuuzia mtu mti mwingine kwa jina la mninga kunaingia humo.

Ukiwa na lalamiko, anza kwa muuzaji au fundi mwenyewe, kwa upole na kwa maandishi, ukiwa na risiti, picha na kipande cha ubao. Akikataa, lalamiko la vipimo lipelekwe ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. La upotoshaji lipelekwe Tume ya Ushindani. Na kwa ushauri wa karibu, mwone Afisa Biashara wa Manispaa. Dai la fedha laweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo. Popote uendapo utaulizwa jambo moja: ushahidi uko wapi? Tunza karatasi zako.

Maswali ya kujipima

1. Ubao wako una milimita 20, nailoni na gundi milimita 3, nawe unataka kizingiti kiinuke milimita 8. Kitako kiwe na kina gani?
2. Kwa nini upande wa chini wa ubao upakwe vanishi ilhali hauonekani?
3. Jirani yako ananunua mbao za paini mwezi wa pili na anataka ziwekwe kesho yake. Utamshauri nini?
4. Ubao mmoja wa futi 10 una takribani sentimita 304. Unatoa vipande vingapi vya sentimita 85?

Majibu: (1) Milimita 15. (2) Kwa sababu ndio unaokutana na unyevu, na pande zikitofautiana ubao hupinda. (3) Apime kipande kwa mizani, aziache zikauke ndani ya nyumba, na apime unyevu wa matofali kabla ya kuanza. (4) Vitatu, na hubaki takribani sentimita 49, kabla ya kutoa upotevu wa msumeno.

Ukiweza kuyajibu maswali haya bila kurudi nyuma, uko tayari kuzungumza na fundi yeyote.